Kumwita dume wa wapiti: maana yake kwa mwindaji wa upinde

Kumwita dume ni kumfanya mnyama wa porini aje mwenyewe mpaka ulipojificha, kwa kufuata sauti unazomtolea. Wapiti, ambaye Wamarekani wengi humwita elki, ni ayala mkubwa wa Amerika Kaskazini. Dume aliyekomaa hupita kilo 300, na kichwani hubeba pembe za matawi zinazoanguka na kuota upya kila mwaka. Mwenye bunduki anaweza kumpiga akiwa ng'ambo ya bonde. Mwenye upinde hana nafasi hiyo: anamtaka mnyama awe mita 20 au 30, pengine 40 kama mkono wake umezoea, tena awe amesimama ubavu. Kuna njia tatu za kufika karibu kiasi hicho. Unaweza kumnyemelea, unaweza kumvizia penye maji au kwenye vijia vyake, na unaweza kumwita. Hii ya tatu ndiyo inayowatoa watu majumbani kila Septemba kwenda kulala milimani.

Wengi wakiisikia kwa mara ya kwanza hudhani kazi yote ni kuigiza mlio. Mlio ni sehemu tu. Anayeita anamweleza dume hali fulani: hapa kuna jike aliyeachwa na wenzake, au hapa kuna dume mwingine ambaye tayari ana jike, au hapa linapita kundi dogo linalotafuta malisho. Dume akiiamini hali hiyo, na ikiwa inamhusu, atakuja. Asipoiamini, hata ukitoa sauti isiyo na kasoro atabaki alipo, akikujibu kutoka mbali mpaka jua lizame. Nimewasikia watu wenye sauti mbovu wakileta madume, na wenye sauti safi kabisa wakirudi mikono mitupu, na karibu kila mara tofauti ilikuwa hapo.

Yote haya yanawezekana kwa sababu ya msimu. Siku zinapoanza kufupika mwishoni mwa kiangazi, mwili wa dume hubadilika. Ngozi laini iliyofunika pembe hukauka na kubanduka mwezi Agosti, shingo hunenepa, na wale madume waliokaa pamoja kwa amani miezi yote huanza kutazamana kwa jicho baya. Kupandana hufika kilele Septemba na kuendelea hadi mwanzo wa Oktoba. Jike huwa kwenye joto, yaani tayari kupandwa, kwa muda mfupi, chini ya siku moja, na asipopata mimba hurudi tena baada ya wiki tatu hivi. Kwa hiyo dume hana nafasi ya kulala: anakula kidogo, anakimbia huku na huko, anapungua uzito vibaya sana. Majimbo mengi ya magharibi yameweka msimu wa upinde katika kipindi hiki hiki. Colorado, jimbo lenye wapiti wengi kuliko yote, huwapa wenye pinde mwezi wa Septemba, na misimu mikubwa ya bunduki hufuata Oktoba na Novemba, wakati makelele yameshapungua. Ndiyo maana kuita na upinde vimekuwa kama kitu kimoja.

Sauti inayojulikana zaidi ni baragumu la dume. Huanza chini, kooni, hupanda ghafla mpaka kuwa mluzi mkali unaokata bonde zima, kisha hushuka na kumalizika kwa miguno mifupi inayofuatana. Mgeni akiisikia alfajiri hawezi kuamini kwamba imetoka kwa mnyama mwenye kilo 300, maana wanyama wakubwa kwa kawaida hutoa sauti nene. Siri yake ni kwamba dume hutoa sauti mbili kwa pamoja, moja ya koo na nyingine ya mluzi. Aliyewahi kulala kambini mbugani akasikia swala pala dume akikoroma usiku huku akiwakimbiza wenzake anaijua shughuli yenyewe, ila huyu wa Milima ya Rocky, huko magharibi ya Marekani, anaifanya kwa mluzi.

Ila baragumu lenyewe si moja. Lipo la kuuliza tu "nani yuko huko?", refu, lisilo na hasira, na mwindaji hulitumia alfajiri akiwa juu ya tuta ili ajue madume wako upande gani. Lipo la kuwakusanya majike. Na lipo la ugomvi, fupi, la kukwaruza, linalotoka mara tu mwenzake anapofungua mdomo, kabla hajamaliza. Ukijibiwa hivyo ujue umemgusa. Majike nao huongea siku nzima kwa mlio laini unaoshuka, mfupi, unaofanana kidogo na wa paka. Kwa mlio huo wanajulishana walipo. Jike aliye kwenye joto huurefusha na kuulalamisha. Ndama wana wao, mwembamba zaidi. Kuna pia mbweko, mmoja mkavu, ambao maana yake ni "nimekuona" au "kuna jambo hapa". Ukibwekewa, kwa kawaida mambo yameisha. Zaidi ya midomo kuna pembe: dume husugua na kupiga vichaka na miti michanga mpaka magome yanabanduka, na mwindaji anayechukua tawi kavu akakwangua nalo mti wakati mwingine hupata zaidi kuliko anayepiga baragumu.

Sasa, unamwita nani? Swali hili ndilo lingetangulia mlio wowote. Kuna dume mwenye kundi, aliyekwisha kukusanya majike wake, na kuna dume wa pembeni, asiye na kitu, anayelizunguka kundi la mwenzake akitafuta upenyo. Wa pembeni ni mwepesi. Mpe mlio wa jike mmoja aliyepotea na anaweza kuja mbio, wakati mwingine kimya kimya bila kujibu hata mara moja. Mwenye kundi hana sababu ya kuja. Majike anao. Ukimpigia baragumu la ugomvi kutoka mbali, mita 300 au 400, anachofanya mara nyingi ni kuwasukuma majike wake na kuondoka nao, kwa sababu mapigano yanaweza kumpotezea alichonacho. Lakini ukinyemelea mpaka mita 100 au chini yake, ukawa karibu na majike wenyewe, na hapo ndipo ukapiga, hali imebadilika kabisa: mgeni ameshaingia nyumbani. Hapo hana budi kutoka.

Tena kuna jambo linalowasumbua wanaoanza kuliko yote. Dume anajibu, anasogea, unamsikia akivunja vijiti, halafu anasimama mita 60 au 70 na hatoki hapo. Anapiga baragumu, anasubiri, anapiga tena, kisha anageuka. Mtu hudhani ameogopa. Hapana, kwa desturi yao, dume akiita, jike ndiye humfuata. Anapofika mahali ambapo angetakiwa kumwona huyo jike na asimwone, anasimama na kungoja atokee. Masikio yake pia ni sahihi mno: anajua sauti imetoka kwenye kichaka gani, na anakitazama kichaka hicho hicho.

Kwa hiyo wawindaji wawili hugawana kazi. Mpigaji hukaa mbele, penye kivuli, mti mgongoni na si kifuani, na mwitaji hurudi nyuma yake mita 40, 50, hata 80 kama msitu ni wazi. Dume akisimama umbali wake wa kawaida kutoka kwa mwitaji, kwa mpigaji ni mita 20 au 30. Mwitaji asitulie kama aliyepigiliwa msumari. Huhama hatua chache, hukanyaga majani makavu, hugeuza mdomo wa bomba lake la kuitia nyuma ili sauti isikike kama inaondoka. Jike anayeondoka humtia dume haraka. Eneo nalo huchaguliwa ili dume asiweze kuona mbali: nyuma ya kituta, kwenye kona ya msitu wa misonobari, mahali ambapo ili amwone jike ni lazima apite mbele ya mshale. Anayewinda peke yake huita, kisha husogea haraka mbele au pembeni kabla dume hajafika, akiiacha sauti nyuma yake.

Upepo ndio mwamuzi wa yote hayo. Wapiti anaweza kulisamehe tawi lililovunjika, kwani wenzake nao huvunja matawi, lakini harufu ya binadamu haisamehi. Milimani hewa ina ratiba yake: alfajiri hewa baridi huteremka kuelekea bondeni, jua likishapasha miteremko inageuka na kupanda, na jioni inateremka tena. Mwindaji makini hubeba kichupa cha unga laini, akaubonyeza hewani kila baada ya muda na kuutazama unakokwenda. Kumbuka pia kwamba dume anayekuja kwenye mwito hupenda kuzunguka ili aje akiwa upande ambako harufu inamfikia. Mpigaji hujiweka kwenye njia hiyo ya kuzungukia, si kwenye mstari ulionyooka. Kama hewa inayumba, afadhali kunyamaza na kurudi kesho kuliko kumfundisha dume kwamba sauti ile ina mtu nyuma yake.

Vifaa si vingi. Cha kawaida ni kiwambo chembamba cha mpira kilichofungwa kwenye fremu ndogo, kinachokaa kwenye kaakaa la mdomo. Ulimi hukibana na pumzi hukitikisa. Faida yake ni kwamba mikono yote miwili inabaki kwenye upinde. Baragumu hupitishwa kwenye bomba la plastiki ili lipate mwangwi wa kifua. Wasioweza kuvumilia kitu mdomoni hutumia kifilimbi cha nje chenye ulimi wa plastiki, na kwa mlio wa jike kinatosha. Majimbo mengi yamekataza sauti zilizorekodiwa au vifaa vya umeme katika kuwaita wanyama wakubwa, na naona ni sawa kabisa. Mwanafunzi aanze na mlio wa jike peke yake. Ndio unaokubalika katika hali nyingi zaidi, na ukikosea kidogo haumtishi mnyama.

Kosa la wengi ni kuita mno. Kwenye ardhi ya umma madume wamesikia kila aina ya mluzi tangu siku ya kwanza ya msimu, na wengi wao hunyamaza. Hawajaacha kuja, wanakuja kimya. Mtu ameita, amengoja dakika kumi, hajasikia kitu, anasimama kuondoka, na anamwona dume akikimbia kutoka mita 40. Ukishaita mahali pazuri, kaa nusu saa nzima, hata zaidi, macho yakiwa wazi.

Dume akiwa karibu, muda ni mfupi sana. Upinde unavutwa wakati kichwa chake kimepita nyuma ya mti, si kabla wala baada ya hapo. Upinde wa puli, yaani wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake, ulioandikishiwa hataza Marekani mwaka 1969, humsaidia mwindaji kwa sababu ukishavutwa mpaka mwisho uzito mkubwa hupungua mkononi na mtu anaweza kungoja kidogo. Wenye pinde za jadi hawana starehe hiyo. Mlio mmoja mfupi wa jike humsimamisha dume. Mshale huua kwa kukata na kutoa damu, kwa hiyo hulengwa kwenye mapafu, nyuma ya bega, mnyama akiwa ubavu au amegeuka kidogo kukupa mgongo. Hapa nasema bila kupinda maneno: kama hakufika karibu, au hakugeuka, mshale ubaki kwenye uzi. Thamani ya kuita ni kumleta mnyama mahali ambapo kifo chake ni cha haraka, na anayerusha mshale kwa kubahatisha ameitupa thamani hiyo. Baada ya kupiga, hungojwa angalau nusu saa kabla ya kufuata damu.

Kwa mwenye kuuliza kama wanyama hawa watakwisha: walikaribia. Kabla ya walowezi wa Ulaya wanakadiriwa kuwa walifika milioni 10. Mwanzoni mwa karne ya 20 walibaki chini ya 100,000. Leo wako takriban milioni moja, kwa sababu ya leseni, ulinzi wa makazi yao na kuhamishiwa maeneo walikotoweka, kama Kentucky ilivyowarudisha kuanzia 1997. Shirika la Rocky Mountain Elk Foundation, lililoanzishwa Montana mwaka 1984, hushughulikia makazi hayo, na ndilo huandaa mashindano ya dunia ya kuigiza sauti za wapiti, ambako hata watoto hupanda jukwaani. Muda mrefu kabla ya hapo, Walakota, wenyeji asilia wa nyanda za Amerika Kaskazini, walimhusisha dume wa wapiti na nguvu ya mvuto wa mapenzi, na filimbi ya kijana anayechumbia ilihusishwa naye.

Wasomaji wa Kiswahili walioko katika miji ya magharibi ya Marekani kama Boise, Missoula au Denver wanaishi mlangoni pa wanyama hawa. Colorado hutaka cheti cha mafunzo ya uwindaji kwa kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye, na kila jimbo lina sheria zake za leseni na za upinde, hivyo ulizia mapema. Montana na Wyoming ongeza jambo jingine: dubu wakubwa wa kijivu nao husikia mlio wa jike na huja kutazama. Dawa ya kupulizia dubu iwe kiunoni, si ndani ya mkoba. Na Septemba mchana kuna joto, kwa hiyo mnyama akianguka huchunwa mara moja na kukatwa vipande vikubwa, nyama ikatundikwa kivulini ipoe, mbali na utumbo na mabaki, kabla ya safari ya kwanza ya kuibeba mgongoni.