Eti Urusi Huingia Kuwaokoa Ndugu Zake?

Wiki iliyopita nimeulizwa tena darasani: "Lakini mwalimu, si Urusi ilikuwa inawalinda Warusi wenzake kule Georgia?" Warusi gani? Vita vile vilihusu maeneo mawili yaliyojitenga na Georgia, Abkhazia na Ossetia Kusini. Waabkhazia si Warusi. Waosetia si Warusi. Kiosetia ni jamaa ya Kiajemi, na Kiabkhazia hakina undugu na Kirusi hata wa kusingiziwa.

Dawa yangu ni ileile: chukua karatasi, panga tarehe kabla ya kupanga hoja. Walinda amani wa Urusi waliingia Ossetia Kusini mwaka 1992, Abkhazia mwaka 1994. Pasipoti za Urusi zikaanza kumiminika huko mwaka 2002. Vita vilipolipuka Agosti 2008, Rais Medvedev wa Urusi alisema katiba inamwajibisha kuwalinda raia wa Urusi, na kweli, kufikia hapo wakazi wengi walikuwa na pasipoti hiyo mfukoni. Yaani askari walitangulia, raia wa kulindwa wakapatikana baadaye. Donetsk na Luhansk, mashariki mwa Ukraine, mambo yalikwenda vivyo hivyo: vita 2014, amri ya Putin ya kurahisisha uraia Aprili 2019, uvamizi kamili Februari 2022.

Hujashawishika? Twende Turkmenistan. Aprili 2003 Putin na Niyazov, rais wa nchi hiyo, walisaini mkataba wa gesi wa miaka 25, pamoja na itifaki ya kufuta uraia pacha. Kabla mwezi haujaisha, Niyazov akawapa wenye pasipoti mbili miezi miwili wachague moja. Humo walikuwamo Warusi wa damu, maelfu kwa maelfu. Bungeni Moscow walipiga kelele, lakini hakuna kifaru kilichovuka mpaka.

Halafu mji wa Osh, Kyrgyzstan, Juni 2010. Wakirgizi na Wauzbeki wanauana, mamia wamekufa, na kiongozi wa mpito Roza Otunbayeva anaomba hadharani jeshi la Urusi. Akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya ndani. Usiulize nani ni ndugu wa nani. Uliza jirani anaelekea kambi gani. Georgia ilikuwa imeahidiwa uanachama wa NATO Aprili 2008, miezi minne tu kabla ya vita. Kyrgyzstan ilikuwa na kambi ya kijeshi ya Urusi pale Kant tayari. (Ndiyo, Wamarekani nao walikuwa na yao hukohuko, pale Manas. Najua.)

Wengine husema: "Urusi ikichagua rafiki haimwachi." Waulizeni Waarmenia. Moscow, mshirika wao kwa mkataba, iliwauzia silaha Waazerbaijani pia. Mwishoni mwa 2020 walinda amani 1,960 wa Urusi walipelekwa Karabakh, eneo lililogombewa na Armenia na Azerbaijan. Septemba 2023 Azerbaijan ikaitwaa ndani ya saa 24, Waarmenia zaidi ya 100,000 wakakimbia, na mwaka uliofuata walinda amani wakafunga virago.

"Wale walinda amani wa Abkhazia walikuwa wa Umoja wa Mataifa." Hapana! Umoja huo ulikuwa na waangalizi Abkhazia, na shughuli yao ikafungwa 2009 kwa kura ya turufu ya Urusi.

"Ni chuki za kale za kikabila." Transnistria, eneo lililojitenga na Moldova, ina Wamoldova, Warusi na Waukraine, kila kundi karibu theluthi, na vita vyake vya 1992 havikufuata mstari wa kabila. Mwaka 1999, mjini Istanbul, Urusi iliahidi kuondoa askari wake huko kufikia mwisho wa 2002. Bado wapo.