Toleo jipya likikwama: yanayosemwa na yanayotokea ndani ya hifadhidata

DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, hupandishwa toleo kwa hatua chache. Unaweka faili jipya la WAR, yaani programu yenyewe iliyofungashwa, kwenye Tomcat, seva inayoiendesha, unaiwasha. Kabla ukurasa wa kuingia haujaonekana, chombo kiitwacho Flyway husoma jedwali la flyway_schema_history, hutambua hati zipi za kubadili muundo wa hifadhidata hazijapita, kisha huziendesha moja moja. Ni hapo ambapo logi hunyamaza, na kila aliyepo chumbani anakuwa na maelezo yake.

“Imeganda. Iwashe upya.”

Hii ndiyo dhana inayogharimu kuliko zote. Flyway hutaja hati inapoianza, kisha huweza kukaa kimya mpaka hati hiyo iishe. Amri moja ya ALTER TABLE, yaani ya kubadili muundo wa jedwali, inayolazimika kuandika upya jedwali la datavalue, lenye mamilioni ya rekodi, inaweza kuchukua saa nzima bila logi kuongeza hata mstari mmoja. Kimya hicho hakikuambii kama kazi inaendelea au imesimama. Anayejua ni PostgreSQL yenyewe, hifadhidata inayotunza data hiyo, kwa hiyo iulize: fungua psql, dirisha lake la amri, pembeni, usome pg_stat_activity, orodha ya kila muunganisho na unachofanya. Amri ikiwa active na wait_event_type ni Lock, inamsubiri mtu. Ikiwa ni IO, inasubiri diski. Safu hiyo ikiwa tupu, haisubiri chochote, prosesa iko kazini, iache. Na ukikuta miunganisho yote ya programu ni idle, hifadhidata imeshamaliza sehemu yake, tatizo litafute kwenye Tomcat.

Aliyekwisha kuwasha upya huwa amejiongezea kazi mbili. Kwanza, PostgreSQL huendesha ALTER TABLE ndani ya muamala, yaani kazi inayokamilika yote au isiwepo kabisa, hivyo ikikatizwa njiani kila kitu hurudi sifuri. Pili, na hili wengi hawalijui, kuiua Tomcat si kuiua amri. Mchakato wa PostgreSQL ulio katikati ya kazi kwa kawaida hautambui kwamba mteja wake ameondoka, mpaka ujaribu kumpelekea jibu. Toleo la 14 lilileta kigezo cha client_connection_check_interval kwa ajili hiyo, lakini huja kikiwa kimezimwa. Matokeo yake amri ya zamani bado inashikilia jedwali, Tomcat mpya imeleta nyingine inayopanga foleni nyuma yake, na fundi anaapa kwamba mara hii mambo yamekuwa mabaya zaidi. Anasema kweli, ila kaleta mwenyewe. Kama ni lazima kuikata, tumia pg_terminate_backend. Ukiipiga kill -9, amri ya Linux ya kuua mchakato papo hapo, PostgreSQL itafunga miunganisho yote na kuingia katika kujirekebisha, na hapo utasubiri vizuri.

Wakati mwingine hata si mtu anayewasha upya. Kubernetes, mfumo unaosimamia programu kwenye seva, ikipangiwa kupima uhai wa programu kila baada ya muda mfupi, huiona haijajibu, huiua, huianzisha tena. Hati ileile huanza mwanzo usiku kucha.

“Watumiaji tumewafungia, hakuna wa kutuzuia.”

Watumiaji wa kivinjari, sawa. Lakini ALTER TABLE nyingi hutaka kufuli la ACCESS EXCLUSIVE, ambalo halikai pamoja na msomaji yeyote, hata wa SELECT moja. Mchambuzi aliyefungua muamala kwenye pgAdmin, programu ya kutazamia hifadhidata, akaenda nyumbani anatosha kusimamisha kila kitu. Kwenye pg_stat_activity utamwona kama idle in transaction. Anayesahaulika zaidi ni pg_dump, chombo cha kuchukua nakala rudufu. Tunapandisha toleo usiku ili tusisumbue watu, na cron, kipanga ratiba cha seva, nayo imepangwa kuchukua nakala rudufu usiku huohuo. Pg_dump hushika kufuli jepesi la kusoma kwenye majedwali yote mpaka imalize, ALTER TABLE husimama nyuma yake, na wanaokuja baadaye hata kusoma tu husimama nyuma ya ALTER TABLE. Kazi ya pg_blocking_pids ni kukupa namba ya anayezuia. Ukiwa nayo, mabishano yameisha.

“Kwenye seva ya majaribio ilipita upesi, hii inahitaji RAM tu.”

Seva ya majaribio ilikuwa na data ya mwaka mmoja, pengine wilaya moja. Na RAM ya GB 64 haiisaidii sana PostgreSQL iliyoachwa na mipangilio iliyokuja nayo: shared_buffers MB 128, na maintenance_work_mem, ambayo ndiyo hutumika kujenga faharasa, MB 64. Ongeza hiyo ya pili kabla ya kununua chochote.

Diski nayo ina ujanja wake. Kwenye AWS, seva za kukodi za Amazon, diski ya aina ya gp2 yenye GB 100 ina haki ya IOPS 300 tu, yaani kusoma au kuandika mara 300 kwa sekunde. Hupanda hadi 3,000 kwa akiba inayotosha kama nusu saa, kisha hushuka. Jaribio dogo huisha kabla akiba haijaisha.

“Toleo jipya ni zito.”

Huenda. Lakini kama ulipandisha na PostgreSQL kwa pg_upgrade, chombo chake cha kuhamia toleo jipya, kabla ya toleo la 18 takwimu za kupangia maulizo hazikuhamishwa. Endesha vacuumdb --all --analyze-in-stages kwanza, ndipo ulaumu programu.

“Tuandike success kwenye flyway_schema_history tuendelee.”

Ukurasa wa kuingia utafunguka, na watu watapiga makofi. Flyway nayo itaamini safu ambayo haijawahi kuundwa ipo. Utakutana nayo toleo lijalo, hati nyingine itakapokwenda kuitafuta, na aliyeandika success huenda ameshahama kazi.