Duka la ushirika wa walaji ni nini, na ziada yake hugawanywaje

Duka la ushirika wa walaji ni duka linalomilikiwa na wanunuzi wake. Wateja hulipa kiingilio, hununua hisa ili kupata mtaji, huchagua bodi katika mkutano mkuu, na bodi huajiri meneja. Mwenye hisa 1 na mwenye hisa 100 wote wana kura moja. Ziada inayobaki baada ya gharama zote hurudi kwa wanachama kulingana na kiasi walichonunua, wala haifuati ukubwa wa hisa zao. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo moyo wa dhana nzima, na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Pale Tanga, mtu mzima akisikia "duka la ushirika" hukumbuka foleni ya sukari na sabuni ya miaka ya 1970 na 1980. Foleni zilikuwepo kweli, lakini zimeipotosha maana. Duka la mgao lilisubiri mzigo kutoka RTC, kampuni ya biashara ya mkoa. Bei ilipangwa na serikali, na mwaka ulipoisha mnunuzi hakurudishiwa chochote. Mlangoni palikuwa na jina la ushirika, ila mnunuzi hakuwa na kauli juu ya duka lile.

Mfumo wenyewe ulianzia Rochdale, mji wa viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1844 watu 28 walichanga pauni 28, wakapanga chumba katika mtaa wa Toad Lane, na tarehe 21 Desemba wakaanza kuuza siagi, sukari, unga na mishumaa. Vyama vya namna hiyo vilikuwepo kabla yao na vingi vilikufa. Wao walidumu kwa sababu ya masharti yao: hakuna kukopesha, mizani kamili, bidhaa isiyochanganywa na kitu kingine, bei ileile ya sokoni, na gawio kwa manunuzi.

Sharti la bei ya sokoni huwashangaza wengi. Kama duka ni letu, kwa nini tusiuziane kwa bei ya kununulia? Kwa sababu bei ya jumla haitulii. Mfuko wa sukari ulionunuliwa kwa shilingi 130,000 ukauzwa kwa 130,000, na mfuko unaofuata ukawa 140,000, fedha iliyoko kwenye droo haitoshi kuurudisha mzigo. Fanya hivyo miezi michache na rafu zitakuwa tupu ilhali hakuna aliyeiba hata senti. Uza kwa bei ya mtaani, kisha rudisha ziada mwisho wa mwaka.

Hesabu ya gawio ni hii. Tuseme duka la Makorora limeuza kwa mwaka bidhaa za shilingi milioni 60. Bidhaa hizo zilinunuliwa kwa milioni 54. Pango, umeme, mishahara, usafiri na kodi vikala milioni 4.2. Ziada ni 1,800,000. Katika mauzo yale, milioni 40 zilitoka kwa wanachama na milioni 20 kwa wapita njia. Theluthi ya ziada, yaani 600,000, imetokana na wasio wanachama. Hiyo huwekwa kwenye akiba ya chama. Zinabaki 1,200,000, ambazo ukizigawa kwa milioni 40 unapata asilimia 3. Mama aliyenunua vitu vya 1,500,000 mwaka mzima anapata 45,000. Jirani yake mwenye hisa mara kumi ya zake, lakini aliyenunua vitu vya 200,000 tu, anapata 6,000. Masharti ya chama yakitaka akiba kubwa zaidi, hukatwa kwanza, na asilimia hiyo hushuka.

Hesabu hii haiwezekani bila kumbukumbu ya kila ununuzi. Namba ya mwanachama iandikwe kwenye risiti au daftari palepale kaunta. Chama kinachojaza daftari jioni kwa kukumbuka kitaishia kwenye ugomvi siku ya mkutano mkuu, na mara nyingi watu hushindwa kuelewana, gawio likagawanywa sawa kwa wote. Wanunuzi wakubwa huondoka hapo.

Upotevu mkubwa huanzia kwenye mizani kabla haujafika kwenye wizi. Mfuko wa sukari wa kilo 50 unapopimwa kwenye vifuko vya kilo moja, muuzaji akizidisha gramu 20 tu kila kifuko, kilo nzima hupotea. Hiyo ni asilimia 2, na sukari yenyewe ina faida nyembamba. Kwa hiyo mizani ikaguliwe, na kila mfuko unaofunguliwa uandikwe umetoa vifuko vingapi. Pwani kuna jambo la ziada: wakati wa masika sukari na chumvi hunyonya unyevu, unga huvunda, magunia yaliyogusa sakafu au ukuta huharibika kuanzia chini. Weka vichanja vya mbao, acha nafasi ya kiganja ukutani, na toa kwanza mzigo ulioingia kwanza.

Mikopo nayo huua polepole. Mwanachama hujiona mwenye duka, hivyo kumnyima ni aibu. Mjumbe wa bodi ndiye mgumu zaidi kukataliwa. Deni likishalingana na nusu ya mtaji, meneja naye huanza kuchukua mali kauli kwa bei mbaya. Bidhaa zihesabiwe kila mwezi na mtu asiyeuza kaunta, na madai yasomwe mbele ya bodi kwa majina.

Duka moja peke yake linanunua kwa mfanyabiashara yuleyule wa jumla anayeuzia duka la jirani, kwa bei ileile. Nguvu ya mkoa huja maduka yanapoagiza pamoja: Ngamiani, Pongwe, Muheza na Korogwe wakijaza lori moja moja kwa moja kutoka kiwandani. Waingereza walifika hapo mwaka 1863 walipounda chama cha ununuzi wa jumla. Uswisi, Gottlieb Duttweiler alianzisha Migros mwaka 1925 kwa malori ya kuuzia mitaani, akaigeuza kuwa ushirika mwaka 1941. Leo vyama vya mikoa ndivyo vinavyomiliki shirikisho lake. Nchi ya Basque, kaskazini mwa Hispania, ushirika wa maduka uitwao Eroski ulizaliwa mwaka 1969 vyama vidogo vya walaji vilipoungana, na wafanyakazi nao wakapewa viti kwenye uongozi.

Kwetu Tanzania mpangilio uligeuzwa. COSATA iliundwa mwaka 1962 iwe mnunuzi wa jumla wa maduka ya ushirika, juu ya maduka ambayo mengi hayakuwa yamesimama, na haikumaliza muongo. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka ya watu binafsi kabla ya ya vijiji kuwa tayari. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, hadi sheria ya 1982 ilipovirudisha. Maamuzi haya hayakutoka kwa wanunuzi, na kwa maoni yetu hilo liliumiza kuliko uhaba wa bidhaa.

Leo uandikishaji na usimamizi uko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kwa sheria ya 2013. Anayeombwa kununua hisa aombe kuona masharti ya chama, taarifa ya mwisho ya ukaguzi na orodha ya madeni. Aulize pia hisa hurudishwaje mtu akihama au akifa, na ndani ya muda gani, kwa kuwa chama kisicho na jibu la maandishi kwa kawaida kimeshatumia fedha hiyo kununulia mzigo.