Bomba la maji la jengo la fleti: pima presha kabla ya kununua

Wapangaji wa sakafu za juu hapa Moshi hutuletea lalamiko lile lile: asubuhi maji hayapandi. Mwenye jengo naye huamini mamlaka ya maji imembania. Ukifukua mtaro, unakuta fleti nane zinategemea bomba la robo tatu ya inchi, ambalo ni saizi ya nyumba ya familia moja.

Chukua jengo la sakafu nne, kila sakafu fleti mbili. Kila fleti ina choo, beseni la kunawia, bafu la mvua, sinki la jikoni na bomba la kufulia. Koki zote hazifunguliwi kwa wakati mmoja, kwa hiyo hatuzijumlishi zote. Asubuhi watu wanapojiandaa kwenda kazini, jengo kama hili tunalikadiria lita 1 kwa sekunde.

Lita hiyo ipitishe kwenye bomba la HDPE (plastiki ngumu) la PN16, yaani la kuhimili presha ya baa 16, mita 40 kutoka kwenye dira ya maji hadi ukutani. Bomba la robo tatu (mm 25) litakula presha ya zaidi ya mita 20 kwa msuguano peke yake (presha tunaipima kwa mita inazoweza kuinua maji; mita 10 ni kama baa 1). La inchi moja (mm 32) litakula mita 6 na nusu hivi, na la inchi na robo (mm 40) mita 2 na ushee. Dukani mabomba haya yanakaribiana kwa macho, lakini ndani ya mtaro hayakaribiani hata kidogo. Tena mm 32 ni kipimo cha nje. Njia ya maji yenyewe ni mm 26.

Kisha kuna kimo. Bafu la sakafu ya juu liko kama mita 11 juu ya dira, na linahitaji mita 10 zaidi ili mtu aoge vizuri. Hizo ni baa 2 na kidogo kabla ya msuguano. Mji wetu umelala kwenye mteremko wa Kilimanjaro, hivyo presha ya Shanty Town, mtaa wa juu, usiifanyie hesabu ya Pasua, mtaa wa chini. Fundi afunge geji pale pale kiwanjani na aisome kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Presha ya usiku wa manane, mji ukiwa umelala, itakudanganya.

Presha ikiwa haitoshi, weka tangi paani. Watu 32 (wanne kila fleti) wakitumia lita 120 kila mmoja ni lita 3,840 kwa siku. Tangi likijazwa kwa saa 6, lita 0.18 kwa sekunde zinatosha, na hapo robo tatu inamudu bila shida. Bomba linalotakiwa kuwa pana sasa ni la kushuka kutoka kwenye tangi, kwa sababu sakafu ya juu ina mita 2 au 3 tu za presha. (Tangi la lita 5,000 likijaa, maji yake ni tani 5: mhandisi wa jengo aulizwe kwanza.)

Kama maji hayafiki paani, tangi la kwanza likae chini na pampu ivute humo. Nawasihi, pampu isifungwe moja kwa moja kwenye bomba la mtaani. Inawanyima majirani maji, na presha ikishuka, bomba hufyonza maji ya mtaroni kupitia viungo vinavyovuja, na watoto wa mtaa mzima wakayanywa.

Ukija kuomba kuunganishiwa, njoo na ramani ya jengo, idadi ya fleti na urefu wa mtaro, tupige hesabu pamoja kabla hujanunua bomba.