“Aseme yote apate nafuu”: tunavyowakosea manusura na wafiwa wa maafa

Nianze na dhana inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu huenezwa na watu wenye nia njema: kwamba manusura asiposimulia mapema kila alichokiona, yatamla kwa ndani.

Kuanzia miaka ya 1980 ulienea utaratibu wa kuwaketisha manusura siku chache tu baada ya tukio na kuwapitisha, katika kikao kimoja, kwenye yote waliyoyaona na kuyahisi. Ulipokuja kupimwa, haukuonekana kuzuia kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha. Uingereza, utafiti wa mwaka 1997 uliwafuatilia watu waliolazwa kwa majeraha ya moto. Baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliopitishwa kwenye kikao hicho walikuwa na ugonjwa wa kiwewe. Kwa wasiopitishwa ilikuwa asilimia 9. Kweli, kundi la kwanza lilikuwa na majeraha makubwa zaidi tangu mwanzo, hivyo tofauti yote haiwezi kubebeshwa kikao. Hata hivyo faida haikuonekana, na Shirika la Afya Duniani limeshauri kikao hicho kisitumike.

Badala yake kuna huduma ya kwanza ya kisaikolojia, yenye maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani yuko hatarini na nani anahitaji maji, blanketi au tiba. Msikilize anayetaka kusema, na anayenyamaza kaa naye kimya. Muunganishe na ndugu zake na habari za kweli. Kumtafutia mama simu ili asikie sauti ya mwanawe ni msaada wa kisaikolojia kamili, wala hauhitaji cheti.

Dhana nyingine: “Msimwonyeshe maiti, atachanganyikiwa.” Mwaka 1977 treni ilipata ajali Granville, jijini Sydney, Australia, na watu 83 wakafa. Watafiti walipozungumza baadaye na wafiwa, wengi wa wale ambao hawakuuona mwili walijuta. Kati ya wachache waliouona, karibu wote hawakujuta. Uamuzi ni wa mfiwa. Kazi yetu ni kumweleza mapema atakachokikuta, bila kuficha, na kuingia naye akitaka. Mwili ukiwa umeharibika sana, huenda akatosheka kuushika mkono tu.

Hapa pana hofu inayonyima familia nyingi haki hiyo: kwamba maiti wa tetemeko au mafuriko wataleta mlipuko wa magonjwa. Kwa kawaida hawaleti. Kuwazika harakaharaka kwa pamoja, bila kuwatambua, huziacha familia zikisubiri miaka na miaka mtu abishe hodi.

Zile “hatua tano za majonzi” (kukana, hasira, kujadiliana, huzuni na kukubali) nazo zimegeuzwa kuwa ratiba. Daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe, si wafiwa. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba angepaswa kuwa amekwisha kukubali.

Mtoto je? Usimwambie kwamba baba yake “amelala”. Ataogopa kulala. Mwambie amekufa, na kwamba si kosa lake.

Si kweli pia kwamba kila aliyenusurika ataugua. Kukosa usingizi, kushtuka na kulia ovyo katika wiki za mwanzo ni kawaida, na kwa wengi hupungua. Dawa za kutuliza si njia ya kuzuia kiwewe. Lakini mwezi ukipita na jinamizi bado linamrudisha pale pale, au miezi 6 ikipita na majonzi hayamruhusu kuishi, apelekwe kwa mtaalamu.

Na mfiwa akisema afadhali angekufa pamoja na marehemu, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na mtafutieni msaada siku hiyohiyo.