Moto wa njano si kosa la muuza gesi

"Fundi, gesi niliyouziwa wameichakachua." Maneno hayo nayasikia hapa Dodoma, mitaa ya Nkuhungu, Ilazo hadi Kisasa, na kila mara nakuta yale yale: moto wa njano, sufuria zenye masizi, na muuza gesi wa mtaani aliyekwisha kutukanwa bure.

Gesi ya mtungi, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, huwaka bluu ikipata hewa ya kutosha. Inapotoka kwenye nozo, kile kipande chenye tundu dogo la kutolea gesi, huvuta hewa kupitia tundu lililo mwanzoni mwa bomba la kichomeo, chini ya bati la juu. Tundu hilo likizibwa na vumbi, mafuta au utando wa buibui, gesi haiungui yote, ndipo masizi yanapotokea. Moto huo hutoa pia kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, na hilo linanitisha kuliko weusi wa sufuria. Sasa fikiria kiangazi cha Dodoma, upepo unapuliza vumbi kutwa, na jiko limewekwa chini ya dirisha lililo wazi.

Ushahidi unao jikoni kwako. Plati ya kushoto inawaka bluu, ya kulia njano, na mtungi ni ule ule. Gesi ingekuwa mbovu, zote zingewaka njano! Mama mmoja alibadilisha mtungi kabla ya kuniita. Nilipokigonga sakafuni kile kichomeo chenye moto wa njano kikamwaga vumbi na punje za wali zilizoungua.

Kusafisha ni hivi: funga gesi kwenye mtungi, acha jiko lipoe, toa vichomeo na vifuniko vyake, viloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni, usugue kwa mswaki mkuukuu. Kisha anika juani mpaka vikauke kabisa, maana kichomeo chenye maji ndani huwaka kwa kurukaruka. Kifuniko kikae sawasawa, kisichezecheze. Na tafadhali, msichokonoe nozo kwa sindano. Ni shaba laini, tundu likipanuka gesi inatoka nyingi kuliko hewa, na tatizo linakuwa la kudumu.

Tofauti zipo. Maji yetu yana chumvi, yakifurika na kuumwagikia moto, moto unageuka rangi ya machungwa kwa muda, lakini sufuria haipati masizi. Mtungi ukikaribia kuisha pia moto unaweza kubadilika kidogo. Kwa hiyo tazama kitako cha sufuria kabla ya kumlaumu mtu.

Wengine husema harufu ya gesi ni dalili kwamba mtungi unaisha. Hapana. Gesi hii yenyewe haina harufu. Imetiwa ya makusudi ili ujue inavuja. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni: fungua mlango, usiguse swichi ya taa wala feni, funga mtungi. Kutafuta inapovujia ni kwa povu la sabuni kwenye mpira na regulata. Kiberiti kamwe.

Kulaza mtungi ili "umalizie ya chini" ni hatari tupu. Ndani gesi ni kimiminika, na ukiulaza kinapita kwenye regulata ambayo haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Mtungi unasimama wima.

Jiko la mtumba kutoka Uingereza likiwaka moto mrefu wa njano, huenda nozo zake ni za gesi asilia, ambazo matundu yake ni makubwa. Zibadilishwe ziwekwe za gesi ya mtungi kabla hujapika hata chai.

Na oveni inayozimika ukiachia swichi haijafa. Karibu na moto kuna kijiti kinachohitaji kupata joto ndipo kiruhusu gesi iendelee kupita. Shikilia swichi sekunde 10 hadi 15 baada ya moto kuwaka. Ukiona bado unazimika, kifute masizi kwa kitambaa kikavu, jiko likiwa limepoa. Kikishindwa, fundi anakibadilisha hicho kijiti peke yake.