Komba si panya, na mtego wake si wa kumuua

"Wale wanaoingia msitu wa Jozani usiku na visanduku vya waya wanakamata komba wakawauze." Nimeyasikia barazani, na yananiuma, kwa kuwa visanduku hivyo nimevibeba mwenyewe, na ni vya utafiti.

Kisanduku hufungwa juu ya tawi, ndani hutiwa ndizi mbivu. Komba akikanyaga kibao, mlango unajifunga nyuma yake. Usiku uleule hutolewa na kutiwa katika mfuko wa kitambaa, akapimwa uzito, mkia na sikio, akawekewa alama, kisha akarudishwa kwenye mti aliotolewa kabla hakujapambazuka. Jike anayenyonyesha hacheleweshwi hata kidogo, maana mwanawe yuko peke yake tunduni. Tusipomshika komba, tunachoona ni macho mawili tu yanayowaka kama makaa.

Na macho hayo wengine husema ni ya shetani. Nyuma yake mna utando unaorudisha mwanga wa tochi, kama wa paka.

Na wanaosema komba ni panya je? Mtazame mkono. Ana gumba na kucha bapa kama zetu, ila kidole cha pili cha mguu kina ukucha mrefu wa kujikunia. Jamaa zake ni kima punju, na sisi.

Wengi pia hudhani komba mdogo ni mtoto wa mkubwa. Unguja wako wa aina mbili. Mkubwa, ambaye Pemba pia yupo, hupita gramu 700; mdogo ni kama gramu 150 hata akizeeka. Huyu mdogo wataalamu walimpa jina la kisiwa chetu, zanzibaricus, tangu 1893. Gizani hutambulikana kwa sauti, kila aina na mlio wake. Bibi yangu alitukataza kufuata kilio cha mtoto msituni, akisema ni jini. Ni komba mkubwa, anawajulisha wenzake alipo.

Kwamba komba anapenda tembo la mnazi, wagema hawasemi uongo. Lakini si mlevi wa kudumu: mdogo hasa hula wadudu wengi, pamoja na matunda.

Jike mmoja tulipomfungulia mfuko hakukimbia. Alikaa juu ya tawi, akakojolea viganja vyake, akavisugua kwenye nyayo, ndipo akaruka. Aliyekuwa nami akadhani anaumwa. Hivyo ndivyo komba wafanyavyo, na harufu hubaki kila wanapokanyaga.